Barabara za lami mkoani Kilimanjaro

Barabara za lami mkoani Kilimanjaro ni barabara zilizotandikwa lami na kokoto katika mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Zinaunganisha mji wa Moshi na Arusha, Himo, mpaka wa Kenya huko Holili, na vijiji vya miteremko ya mlima.

Usimamizi

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Barabara za wilaya na mitaa, kama zile za kata ya Njoro mjini Moshi, husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Fedha za matengenezo hutoka hasa katika Mfuko wa Barabara, unaotegemea tozo ya mafuta.

Utengenezaji

Lami ni masalia mazito ya kusafisha mafuta ghafi. Katika lami nzito, huchanganywa na kokoto kwenye joto la takriban sentigredi 150, kisha hutandazwa na kushindiliwa kabla haijapoa. Lami yenyewe ni kama asilimia 5 tu ya uzito wa mchanganyiko, lakini ndiyo inayoshikamanisha mawe. Katika lami nyepesi, lami hunyunyiziwa juu ya msingi na kufunikwa kwa kokoto ndogo.

Changamoto

Adui mkubwa wa lami ni maji. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji hushuka kwa kasi kutoka mlimani kuelekea tambarare. Mtaro ukiziba kwa taka au mchanga, maji hupita juu ya barabara, hula kingo zake na kupenya kwenye nyufa. Msingi uliolowa hupoteza nguvu, na magari yakipita shimo hutokea. Ufa ambao ungezibwa kwa lami kidogo huishia kudai kujengwa upya kwa msingi.

Changamoto ya pili ni uzito wa malori. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba mzigo wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Ndiyo sababu malori hupimwa kwenye mizani.

Aidha, lami huagizwa kutoka nje, hivyo bei yake hufuata soko la mafuta na thamani ya dola.

Fursa

Mawe ya volkeno ya mkoa huu, kama basalti, hutoa kokoto ngumu. Mawe hayo pia yanaweza kupangwa kwa mikono kwenye miinuko mikali, kama ilivyofanyika katika vilima vya Mwanza, na hivyo kupunguza lami inayoagizwa. Lami ya zamani inaweza kukwanguliwa na kutumika tena.

Kazi za kuzibua mitaro, kufyeka kando ya barabara na kuziba viraka hazihitaji mitambo mikubwa. Sheria ya ununuzi wa umma inataka sehemu ya zabuni itengewe vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo matengenezo ya mapema yanaweza kurefusha maisha ya barabara na kuwapa wakazi ajira.