Ndege ya Tongwe na meli Liemba

Wanachama wengi wa umoja wetu wanaijua Liemba. Mwaka 1997 HCR iliitumia meli hii kurudisha watu waliokimbilia Tanzania wakati wa vita vya kumwondoa Mobutu, na hesabu yao ilipita 75,000. Pengine mulilala juu ya chuma chake usiku kucha, watoto kifuani na mizigo chini ya kichwa, bila kujua kama meli ileile iliwahi kutupiwa mabomu na ndege iliyotoka upande wetu, jirani na Kalemie. Na rubani wa ndege ile alikufia Niemba, fasi ambayo kila aliyepanda treni ya kwenda Kabalo anaijua.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mkononi mwa Wajerumani. Mwezi wa nane ule ule, meli yao Hedwig von Wissmann ilikuja kupiga meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, huku kwetu. Kiisha wakaongeza kubwa kuliko zote: Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg kule Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku 5,000 hivi, ikapita bahari mpaka Dar es Salaam, halafu reli mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Urefu wake ni mita 70 na kidogo. Juu yake waliweka mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyonaswa katika mto Rufiji.

Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakateka meli moja ya Wajerumani na kuzamisha Hedwig. Lakini mbele ya Götzen mkubwa wao, Spicer-Simson, alirudi nyuma. Njo maana Wabeleji wakafikiria kupita hewani.

Nchi yao yenyewe ilikuwa karibu yote imekaliwa na Wajerumani, hawakuwa na ndege za kutosha. Uingereza ikawaazima nne za aina ya Short, zenye mabawa mawili, moja juu ya lingine. Chini hazina magurudumu, zina maboya ya kuelea. Mwili wake ni mbao na kitambaa, moteri nguvu za farasi 150, mwendo kama kilomita 100 kwa saa. Leo kuna magari ya HCR yanayokimbia kuliko ile ndege, barabara ikiwa nzuri. (Najua, barabara yenyewe ndiyo iko wapi?)

Sasa fikirini safari. Matadi mpaka Kinshasa kwa reli. Mto mpaka Kisangani. Reli tena kukwepa maporomoko, mto mpaka Kindu, reli mpaka Kongolo, mto mpaka Kabalo, na mwisho reli mpaka Kalemie, ambayo wakati ule iliitwa Albertville. Kila panapobadilika njia, kuna watu wa kushusha na watu wa kupandisha. Masanduku ya mabawa, moteri, mafuta, mabomu, vyote vilipita juu ya mabega. Katika vitabu munapata majina ya marubani: Behaeghe, Orta, Castiau, na mkubwa wao de Bueger. Kwa vita vyote vya Wabeleji upande huu wa Afrika walichukuliwa wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi nyumbani. Majina yao hayakuandikwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote za ndege hizi, hata kama hakuna anayeihesabu hivyo.

Ajali za ndege zenyewe zilianzia majini. Kwanza walitengeneza kituo Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Munalijua Ziwa letu: asubuhi limelala kama maziwa ndani ya bakuli, saa nane linainuka na mawimbi ya kupindua mtumbwi wa mvuvi mwenye uzoefu. Ndege ya mbao haiwezi kukimbia juu ya maji ya namna ile mpaka ipate mwendo wa kuruka. Wakahamia ziwa dogo la Tongwe, lenye maji tulivu. Lakini shida nyingine haikuhamika. Tanganyika iko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ya moto. Moteri inakosa pumzi, mabawa nayo hayashiki vizuri. Ukiongeza rubani, mwangalizi wake, mafuta na mabomu, kule kuinuka tu kunakuwa kazi. Toka Kalemie mpaka Kigoma ni kilomita 120 hivi, na sehemu kubwa ni maji. Moteri ikizimika katikati, uko mikononi mwa Mungu na ya mawimbi.

Aimé Behaeghe alikuwa mtoto wa Kachtem, kijiji cha Flandria, aliyezaliwa mwaka 1890. Anahesabiwa rubani wa kwanza kuruka Afrika ya Kati. Tarehe 10 Juni 1916 aliruka na mwangalizi wake Collignon, wakaikuta Götzen bandarini Kigoma na kuitupia mabomu. Wabeleji walishangilia sana. Lakini meli haikuzama. Na katika miezi ile Wajerumani walikuwa wameisha kuiondolea mzinga wake mkubwa, sababu waliuhitaji kwenye vita vya nchi kavu. Kwa hiyo kile kitisho kilichowafanya watu kuvusha ndege katikati ya Kongo nzima kilikuwa kimebaki na sura zaidi kuliko meno.

Ndege zilirudi tena juu ya Kigoma katika wiki zilizofuata, lakini waliozamisha Götzen ni Wajerumani wenyewe. Askari wa Kongo wa Force publique walipokuwa wanakaribia kwa nchi kavu, tarehe 26 Julai mafundi waliipaka moteri mafuta mazito ili isile kutu, wakaishusha chini ya maji polepole. Walitumaini kuirudia. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka.

Behaeghe hakuanguka na ndege, wala hakupigwa risasi. Aliugua, akafa hospitalini Niemba tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na miaka 26. Mbu na maji mabaya vilikuwa vinaua kila siku katika vita vile, mzungu na mpagazi pamoja, ila mpagazi hakuwa na kitanda cha hospitali.

Meli Wabeleji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta yale mafuta mazito yamefanya kazi yake, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina Liemba.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesikia toka kwa baba yake habari za ndege ya Tongwe, au za babu aliyebeba masanduku Kabalo ao Kongolo, mulete jina lake ofisini kwa umoja. Tutaliandika katika toleo linalofuata, na kijiji chake.