Mama Mfiwa Kwenye Dinari

Sisi wahubiri tukitaja dinari tunakimbilia ile ya Tiberio, ya lile swali la kodi. Leo tuiache kidogo. Nataka uone nyingine, iliyotoka baada ya Warumi kuiteketeza Yerusalemu na Hekalu lake mwaka 70.

Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari Vespasian na taji lake la majani. Geuza. Utaona nguzo iliyovikwa silaha za walioshindwa, alama ya ushindi wa Warumi, na kando yake mwanamke ameketi chini, ameshika tama. Neno ni moja tu: IVDAEA. Taifa zima limechorwa kama mama mfiwa.

Sasa mfikirie Myahudi aliyenusurika. Fedha hiyo ndiyo ya mkate, ndiyo ya kibarua, ndiyo ya kodi. Na kodi yenyewe ndiyo iliyouma. Zamani wanaume walitoa nusu shekeli kila mwaka kwa ajili ya Hekalu. Vespasian hakuifuta, aliigeuza. Wayahudi popote walipo katika dola yake, hata wanawake na watoto, wakatozwa dinari mbili kwa mwaka, ziende kwa Jupiter kule Rumi. Yaani sadaka ya Mungu wako inapelekwa kwa sanamu, na pengine unailipa kwa sarafu yenye msiba wako. Nikifika hapo, Luka 19, Bwana akiulilia mji, siwezi kuisoma haraka haraka.

Mwaka 132 waliasi chini ya Simon bar Kokhba. Fedha mpya hawakuyeyusha. Walitwaa dinari za Rumi wakazigonga upya. Juu ya uso wa Kaisari wakapiga kishada cha zabibu, kinubi, tawi la mtende, tarumbeta mbili. Maneno yakawa ya Kiebrania cha kale, yakitaja uhuru wa Yerusalemu. Kwenye fedha kubwa zaidi waliweka Hekalu lenyewe, ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona, maana lilikuwa limeanguka miaka 62 nyuma.

Uasi ulizimwa mwaka 135, kwa damu nyingi sana. Sarafu zao zipo hadi leo kwenye makumbusho. Nyingine nyundo haikuzifuta vizuri: pembeni mwa zabibu bado zinasomeka herufi za jina la Kaisari.