Viongozi wa kiroho mwambao wa Ziwa Victoria: Kutoka madhabahuni hadi barazani

KATIKA mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Busia hadi Migori huku jiji la Kisumu likiwa kitovu, kiongozi wa kanisa hajawahi kuwa mtu wa madhabahuni pekee. Hubatiza, hufungisha ndoa na kuzika kama wenzake wa kwingineko, lakini pia huitwa kusuluhisha mzozo wa shamba, kuketi na mjane baada ya matanga, na kuinua sauti wakati serikali inapokosea. Jinsi alivyopata kuwa na majukumu hayo yote ni historia ya zaidi ya miaka 100, na sehemu yake imeandikwa kwa damu.

Wamishonari wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Kisumu mnamo 1903, miaka miwili tu baada ya reli kufika ufuoni. Waanglikana wa shirika la CMS walianzisha shule ya Maseno mwaka wa 1906 chini ya Kasisi J.J. Willis, na mwaka uo huo Waadventista wakapiga kambi Gendia, ng'ambo ya ghuba, wakiongozwa na Arthur Carscallen akiandamana na Mwafrika kutoka Nyasaland, Peter Nyambo. Katika vijiji, hata hivyo, aliyeonekana kila siku hakuwa mmishonari bali mwalimu wa kanisa au katekista, kijana wa huko huko aliyejua kusoma, ambaye kwa wengi ndiye aliyekuwa kanisa lenyewe.

Kutoka kwa walimu hao ndipo ulipotokea mwamko wa kwanza wa kisiasa katika eneo hilo. Mnamo Desemba 1921 wasomi wa Maseno, akiwemo Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano wa hadhara Lundha, Gem, kulalamikia kodi ya nyumba, kipande, kazi ya kulazimishwa na kubadilishwa kwa nchi kuwa koloni. Chama chao, Young Kavirondo Association, kiliitia serikali hofu.

Aliyeitwa kuyatuliza maji hayo alikuwa Walter Edwin Owen, Mwingereza aliyekuwa Arkidiakoni wa Kavirondo, yaani msimamizi wa makasisi wa Kianglikana wa eneo zima, tangu 1918. Mnamo 1923 chama kiligeuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, Owen mwenyewe akiwa rais wake. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Walowezi waliokuwa wakicheka ahadi hizo walisahau kwamba tauni ilikuwa ikiua watu katika mwambao huo, na panya hakuwa jambo la mzaha.

Je, Owen aliwasaidia Waafrika au aliwatia hatamu? Swali hilo lingali linawagawanya wanahistoria, na kila upande una hoja. Ni kweli kwamba chini yake madai makali ya 1921 yalipoa na kuwa barua na maombi ya heshima. Lakini ni kweli vilevile kwamba hakuna Mzungu mwingine katika Nyanza aliyeisumbua serikali kiasi hicho. Alifichua jinsi wanawake na watoto walivyolazimishwa kutengeneza barabara bila malipo, akapeleka habari hizo hadi magazeti ya Uingereza, na walowezi wakaligeuza jina la cheo chake wakamwita shetani mkuu. Alikuwa pia mpenzi wa mambo ya kale, na vyungu alivyovikusanya katika Kavirondo ya Kati vimewafaa wanaakiolojia hadi leo. Alifariki mwaka wa 1945.

Waliotoka na kuanzisha yao

Si wote waliokubali kwamba njia ya uongozi ilipitia kwa mmishonari. Johana Owalo, mzaliwa wa Asembo aliyewahi kufunzwa na Waanglikana na Wakatoliki na hata kusilimu alipokuwa Mombasa, alisema alipata maono mwaka wa 1907. Mnamo 1914 alianzisha kanisa la Nomiya, jina linalomaanisha kwamba alipewa, na ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kanisa huru la kwanza nchini Kenya. Waumini wake wanaume hutahiriwa, jambo lililowashangaza Wajaluo wengi wa wakati huo.

Kisa cha Alfayo Odongo Mango ni kizito zaidi. Mango alikuwa shemasi wa Kianglikana huko Musanda, eneo lililokuwa chini ya utawala wa Wawanga, na kwa muda mrefu alipigania haki ya Wajaluo kukaa na kulima ardhi hiyo. Wakati huo huo aliongoza waumini waliodai kujazwa na Roho Mtakatifu, wakitabiri na kuomba kwa sauti. Kwake mambo hayo mawili, ardhi na Roho, hayakutengana. Mnamo Januari 1934 umati ulivamia boma lake, nyumba ikateketezwa na Mango akauawa pamoja na wafuasi wake kadhaa. Makanisa ya Roho, ambayo leo waumini wake huonekana wakiandamana Jumapili kwa ngoma na kanzu nyeupe zenye misalaba, humhesabu kuwa shahidi wa imani.

Mnamo 1957 Abednego Matthew Ajuoga naye alijitenga na Waanglikana pamoja na wafuasi waliojulikana kama Johera, yaani watu wa upendo, akaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika lenye makao yake Kisumu.

Mwaka wa 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, kulizuka vuguvugu ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa matawi makubwa zaidi kuwahi kutoka katika Kanisa Katoliki barani Afrika. Legio Maria ilianzishwa na Simeo Ondeto, ambaye wafuasi wake humwita Baba Messias, pamoja na Gaudencia Aoko, mwanamke mchanga aliyekuwa amefiwa na watoto wake wawili kwa siku moja. Aoko alihubiri dhidi ya uchawi, akaombea wagonjwa na kubatiza umati wa watu, na makumi ya maelfu walimfuata. Wakati Roma ilipokuwa ikiacha Kilatini katika misa, Legio ilikihifadhi. Hata hivyo, kanisa alilosaidia kulizaa lilihifadhi ukasisi kwa wanaume pekee, na miaka michache baadaye Aoko aliachana nalo. Ondeto alifariki mnamo 1991, na Got Kwer katika Migori ni mahali patakatifu kwa waumini hadi leo.

Okullu na siasa za mimbarini

Katika makanisa yaliyotokana na wamishonari uongozi uliingia mikononi mwa Waafrika polepole. Festo Olang', mzaliwa wa eneo la Maseno, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka wa 1955 pamoja na Obadiah Kariuki, na mnamo 1970 akawa Askofu Mkuu Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana nchini. Kwa upande wa Wakatoliki, Zacchaeus Okoth aliongoza Kisumu kwa miaka 40, kwanza akiwa askofu kuanzia 1978, kisha askofu mkuu tangu jimbo lilipopandishwa hadhi mwaka wa 1990 hadi alipostaafu 2018.

Lakini likitajwa jina moja la kiongozi wa kiroho kutoka Kisumu aliyetikisa taifa, wengi humtaja marehemu Askofu Henry Okullu.

Okullu, aliyezaliwa Asembo mwaka wa 1929, alianza ukasisi wake Uganda na alikuwa mwanahabari kabla ya kuvaa joho la uaskofu. Alihariri gazeti la Target, lililochapishwa na makanisa jijini Nairobi na lililokuwa na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo. Baadaye akawa mkuu wa Kanisa Kuu la All Saints, kabla ya kuchukua dayosisi ya Maseno Kusini mnamo 1974. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki, akishikilia kwamba mhubiri anayenyamazia dhuluma amekwisha kuchagua upande.

Msimamo huo ulijaribiwa mwaka wa 1986 chama cha KANU kilipoamua kwamba wapigakura wapange foleni nyuma ya wagombeaji. Hoja ya viongozi wa makanisa ilikuwa nyepesi kueleweka: kasisi akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawapaje ushirika waliosimama nyuma ya mwingine? Mlolongo ulitumika hata hivyo katika uchaguzi wa 1988, na matokeo yake yakalaaniwa na wengi.

Mnamo Februari 1990 mwili wa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Robert Ouko, ulipatikana karibu na nyumbani kwake Koru, na ghadhabu ikatanda Kisumu. Mwaka huo Okullu alitaka mfumo wa chama kimoja ukomeshwe na rais awe na kikomo cha mihula miwili. Kusema hivyo wakati huo hakukuwa mchezo. Mnamo Agosti mwenzake wa Eldoret, Askofu Alexander Muge, aliaga dunia katika ajali ya barabarani akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri kumwonya kwamba akikanyaga huko hatatoka hai. Kifungu cha 2A kilichoharamisha vyama vingine kilifutwa Desemba 1991. Okullu alistaafu 1994 na kufariki Machi 1999.

Baada ya kizazi hicho sauti ya makanisa ilififia, na viongozi wenyewe wamekiri. Mnamo Februari 2008, Kisumu ikiwa bado na majivu ya ghasia za baada ya uchaguzi, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilijutia kwamba viongozi wake waliegemea pande za kisiasa, wengine kwa misingi ya kabila.

Vilevile kuna kazi isiyofika magazetini. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha maambukizi ya virusi vya Ukimwi yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, viwango vya juu kuliko kaunti nyingine zote. Hapo ndipo kasisi hukutana na desturi ya tero, ya mjane kurithiwa. Yapo makanisa yanayomnyima mjane aliyerithiwa meza ya Bwana, adhabu ambayo aghalabu humwangukia mwanamke huku aliyemrithi akiendelea na shughuli zake. Okullu, aliyeandika pia kuhusu ndoa, ndiye aliyempa Lucia Okuthe ukasisi mwaka wa 1983, wakati ambapo kanisa lake lilikuwa bado linabishana kuhusu wanawake. Ilichukua miaka 38 kabla ya Emily Onyango kuwekwa wakfu Januari 2021 kuwa askofu msaidizi wa Bondo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana nchini.

Septemba mwaka huo, katika hafla ya kumweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa waliohudhuria kuhutubu. Novemba 2024 Philip Anyolo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kisumu kabla ya kuhamishiwa Nairobi, alikataa mchango wa zaidi ya Sh5 milioni uliotolewa na Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, zikiwemo fedha za kwaya na za nyumba ya padri. Kwa parokia za mjini uamuzi kama huo huleta gumzo la wiki moja. Vijijini kando ya ziwa, ambako katekista huongoza ibada Jumapili nyingi bila mshahara na paa hujengwa kwa harambee, mgeni wa heshima mwenye bahasha bado ni vigumu kumrudisha mlangoni.