Matunzo ya gari katika joto na vumbi la Garissa

DEREVA anayeondoka Nairobi alfajiri kuelekea Garissa huanza safari katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kuimaliza, baada ya kilomita zipatazo 370, katika mwinuko wa mita 150 hivi.

Akishapita Mwingi, hewa huanza kubadilika. Afikapo Ukasi na Bangale, joto huwa limepanda sana, na gari lililokuwa likistahimili foleni za jijini bila taabu huanza kuonyesha kasoro zake moja baada ya nyingine.

Mjini Garissa, hasa kati ya Januari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 37 za Selsiasi na zaidi kivulini. Mbele ya hapo kuna Dadaab, umbali wa kilomita 100 hivi, na Wajir, zaidi ya kilomita 300 kupitia Modogashe na Habaswein. Kutoka Wajir hadi Mandera ni zaidi ya kilomita 350 nyingine. Katikati ya miji hiyo, mtu anaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona karakana, duka la vipuri wala kituo cha mafuta.

Kwa sababu hiyo, kasoro ambayo jijini ingemgharimu dereva saa moja na malipo ya fundi, huku inaweza kumgharimu maisha. Ukaguzi wa gari lazima ufanywe kabla ya kuondoka mjini.

Rejeta na maji yake

Injini nyingi zinazoharibika katika eneo hili huharibiwa na joto. Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, dereva anapaswa kutazama kiasi cha maji katika rejeta na katika chupa yake ya akiba. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanapovuja, na kuongeza mengine si tiba. Achunguze mipira ya maji kama imevimba au kupasuka, na mkanda wa feni kama umelegea au una nyufa.

Makosa ya kawaida ni kujaza rejeta kwa maji ya kisima. Mji wa Wajir umejengwa juu ya mwamba wa chokaa, na maji ya visima vingi vya Kaskazini Mashariki yana chumvi na madini. Yakichemka ndani ya injini, madini hayo huganda kwenye mirija myembamba ya rejeta kama yanavyoganda ndani ya birika la chai, na mwishowe mirija huziba. Inafaa kutumia dawa ya kupozea injini, ambayo mafundi huiita kulanti, ikichanganywa na maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yawe ya dharura tu, na rejeta isafishwe mara gari linapofika mjini.

Kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isimwagwe mahali ambapo mbuzi au ngamia huweza kuilamba, na mtungi wake usitumiwe kamwe kubebea maji ya kunywa.

Mshale wa joto ukianza kupanda, dereva azime kiyoyozi na kupunguza mwendo. Kuwasha hita ya ndani, ingawa huwatesa abiria, huondoa sehemu ya joto la injini. Mshale usiposhuka, asimamishe gari, azime injini na kusubiri kwa muda usiopungua nusu saa.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto. Mfuniko huo huyabana maji yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifunguliwa, hulipuka na kumchoma mtu uso na mikono. Vilevile, maji baridi yakimwagwa ghafla katika injini iliyochemka huweza kupasua chuma chake.

Matairi

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Juu ya lami iliyochomwa na jua, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, tairi kama hilo hupasuka. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kipimo kilichochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho halipaswi kuvuka.

Kwa kila nyuzi tano au sita za joto zinazoongezeka, presha hupanda kwa takriban paundi moja. Kwa hivyo dereva asishtuke akikuta imepanda mchana, wala asipunguze upepo tairi likiwa moto. Likipoa, litabaki pungufu.

Umri wa tairi ni muhimu sawa na kina cha meno yake. Ubavuni mwake huwa na tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3516 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2016. Mpira uliozeeka na kuota nyufa ni hatari hata kama meno yake yanaonekana mapya. Jambo hili liwahusu zaidi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka ng'ambo, ambayo gurudumu lake la akiba huenda lilikaa kwa miaka bila kuguswa.

Katika mchanga mzito, kupunguza upepo hulipanua tairi na kulizuia kuzama. Atakayefanya hivyo abebe pampu, kwani kurudi kwenye lami na matairi yaliyolegea ni kualika ajali.

Vumbi, oili na betri

Chujio la hewa ndilo linalozuia vumbi kuingia katika injini. Mahali ambapo magari hufuatana kwenye barabara ya changarawe, linaweza kuziba kwa siku chache. Likaguliwe kila wiki, na likipulizwa, upepo utoke ndani kwenda nje. Madereva wanaoliondoa ili gari "lipumue" huingiza mchanga ndani ya silinda.

Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Katika vumbi na joto, muda wa kuibadilisha ufupishwe kuliko ule ulioandikwa kwenye kijitabu cha gari. Mafuta ya petroli au dizeli yanunuliwe kituoni, kwani yale ya mitungi ya kando ya barabara huenda yakawa na maji au uchafu.

Wengi hudhani betri huuawa na baridi. Kwa hakika, joto hukausha maji yake na kula sahani zake upesi zaidi. Betri yenye vifuniko iongezwe maji yaliyotoneshwa pekee, na unga mweupe unaoota kwenye ncha zake usafishwe.

Taa na breki

Jioni, ngamia huvuka barabara au husimama juu ya lami. Gari dogo likimgonga miguu, kiwiliwili chake huangukia kioo cha mbele. Taa zilizofifia kwa vumbi au kugeuka manjano kwa uzee humpa dereva nafasi finyu ya kusimama. Taa na vioo vifutwe kila gari linaposimama, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hufyonza unyevu na kupoteza nguvu.

Msimu wa mvua

Eneo hili kavu hugeuka bahari mvua inaponyesha. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, na Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa na maji karibu na hapo, ingawa waliokuwemo waliokolewa.

Maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuelea na gari dogo. Injini ikizimika ndani ya maji, isiwashwe tena. Huenda imeyavuta, na kuiwasha ni kuivunja.

Vya kubeba

Mbali na jeki, spana na gurudumu la akiba lenye upepo, dereva abebe mkanda wa feni, mpira wa rejeta, fyuzi, lita kadhaa za oili, kizima-moto, kisanduku cha huduma ya kwanza na vibao viwili vya pembetatu vya kuonya magari mengine. Atakayetumia matawi ya miti badala ya vibao ayaondoe anapoondoka.

Kila msafiri awekewe angalau lita tano za maji ya kunywa kwa siku, mbali na maji ya rejeta. Tangi lijazwe kila panapopatikana kituo, na jamaa aarifiwe saa ya kuondoka na ya kutarajiwa kufika.

Usalama nao huhitaji gari zima. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika shambulio dhidi ya basi karibu na mji wa Mandera. Gari linalokwama huweza kuachwa na mengine, na giza likawakuta waliomo njiani. Likikwama mbali na makazi, wasafiri wakae kivulini mwake badala ya kutembea juani kutafuta msaada, kwa kuwa gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu.

Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini cheti hicho hakiongezi maji katika rejeta. Ukaguzi wa asubuhi wa maji, oili, matairi, mkanda, taa na breki huchukua takriban dakika kumi, na haumhitaji fundi.