Redio Isiyoshika Stesheni Zetu

Ukiwasha Toyota Probox iliyoshushwa juzi bandarini Mombasa au Dar es Salaam, huenda sauti ya mwanamke ikakuambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Ukigeukia redio, inagota kwenye 90, kwa sababu masafa ya FM ya Japani kwa miaka mingi yalianzia 76 na kuishia hapo, na stesheni zetu nyingi ziko juu yake mpaka 108. Fundi hufunga kidude cha kuteremsha masafa, dereva akazoea kuitafuta stesheni yake kwenye namba isiyo yake. Sisi wapenda magari tunaweza kukesha tukibishania injini, springi na ulaji wa mafuta. Redio hiyo inasema jambo tunaloliruka: gari hilo halikutengenezwa kwa ajili yetu, na siasa za dunia ndizo zilizolileta uani kwetu, kabla sisi hatujachagua chochote.

Land Rover ni ushahidi wa kwanza. Ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ikiwa na bodi ya alumini, na hadi leo tunaisifu bodi hiyo kwa kutooza, kana kwamba mhandisi alikuwa akiifikiria chumvi ya pwani yetu. Haikuwa hivyo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni shingoni; chuma kiligawiwa kwa mgao, na viwanda vilivyouza nje na kuingiza fedha za kigeni ndivyo vilivyofikiriwa kwanza. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Hata ile rangi ya kijani ya matoleo ya mwanzo ilikuwa masalio ya jeshi. Basi gari lililombeba Bwana DC wa kikoloni, na baada ya uhuru likambeba mkuu wa wilaya, sura yake ilichorwa na deni la vita, na makoloni yalikuwa soko lililokwisha andaliwa. Mashindano ya magari ya Safari nayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mchezo tunaouona wetu, na ni wetu kweli, ulizaliwa kwa sababu ya taji la Uingereza.

Uhuru ulipanua uwanja wa kuchagua magari. Pijo 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na sifa yake ikaenea kila palipo na vumbi. Lakini kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne, kwa vita ya Waarabu na Israeli, mbali kabisa na barabara zetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na mwaka uliofuata Tanzania ikaingia vitani na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka. Miaka ile mafundi wa chini ya miembe waliyaweka magari hai kwa spea za kuchonga na za kunyofoa kwenye mizoga, na ustadi wao unastahili historia yake peke yake. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje. Kenya nayo ikalegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mlango ulipofunguka, Japani ilikuwa na magari ya kumwaga. Sheria yake hudai gari jipya dogo likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama huwafanya wengi waliuze lingali zima. Tena Wajapani huendesha kushoto, kama Waingereza walivyotuachia sisi. Bila usukani wa kulia unaoendana na kuendesha kushoto, Premio na Noah zilizoundwa kwa ajili ya mitaa ya Japani zisingetufaa kwa wingi huu.

Wapo watakaosema Toyota imeshinda kwa ubora tu, na watanitajia Bujumbura: Burundi inaendesha kulia, lakini imejaa Probox za usukani wa kulia. Hoja hiyo ina uzito. Ubora upo, na anayeukana hajawahi kuona Hiace ikipakiwa. Hata hivyo, ubora hauelezi kwa nini Mrundi akubali kukaa upande usiomwonesha barabara anapotaka kulipita lori. Anakubali kwa sababu bei ni nafuu na spea zipo tele, na vyote viwili vinatokana na mkondo mkubwa unaopita Dar es Salaam na Mombasa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto. Rwanda, yenye watu wanaoipenda Toyota vilevile, ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia, na sheria ikaushinda unafuu. Pale Rusumo, lori lililotoka Dar es Salaam likivuka Mto Kagera huhama kutoka kushoto kwenda kulia, kwenye mstari uliowekwa Waingereza na Wabelgiji walipogawana maeneo hayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza.