Antibiotiki: kila mikrobe iko na dawa yake

Mu Lubumbashi, mutu anaweza kuingia mu farmasi ya karibu, kusema tu «niko na tifoide», na kutoka na kinini nne za siprofloksasini mu kikaratasi. Hakuna kipimo, hakuna karatasi ya munganga. Homa ikishuka kidogo, kinini zenye zinabaki zinawekwa juu ya mutoto. Lakini antibiotiki si dawa moja. Ziko jamaa nyingi, na kila jamaa iko na kazi yake.

Kwanza, antibiotiki inauwa bakteria. Haiuwe virusi vya gripe, tena haichukue nafasi ya dawa ya malaria.

Jamaa kubwa ni hizi:

- Penisilini (amoksisilini, ampisilini): zinavunja ukuta wa bakteria. Amoksisilini ndiyo ya kwanza kwa pneumonia ya watoto. Kuna watu wenye mwili wao unaikataa. Wanapaswa kusema mbele.
- Sefalosporini (seftriaksoni): sindano ya magonjwa makali, sawa vile meninjite.
- Makrolidi (azitromisini, eritromisini): kwa mapafu, na kwa wengi wenye hawavumilie penisilini.
- Tetrasiklini (doksisiklini): kwa kolera, yenye inarudia mu Haut-Katanga, zaidi pembeni ya ziwa Moero. Mutu mukubwa anameza miligramu 300 mara moja. Lakini chenye kinaokoa kwanza ni maji ya chumvi na sukari, ao seromu.
- Kinoloni (siprofloksasini): kwa tifoide na magonjwa ya njia ya mukojo.
- Aminozidi (jentamisini): sindano, hata kwa watoto wachanga. Inaweza kuharibu figo na masikio, basi inaombea uangalizi wa munganga.
- Metronidazoli ni ya amiba na bakteria zenye zinaishi pasipo hewa. Kotrimoksazoli inakinga watu wenye virusi vya sida juu ya pneumonia.

Kinini nne hazimalize kazi. Zinauwa bakteria zenye ziko zaifu. Zenye nguvu zinabaki, zinazaana, na kupita kwa jirani. Mu mwaka wa 2019, wachunguzi walitangaza kama mu RDC kuna aina ya salmonela yenye inaingia mu damu, zaidi ya watoto wa chini ya miaka 5. Ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, seftriaksoni na azitromisini hazikuiweza tena. Kwa mutoto kama huyo, munganga anabaki na njia chache sana.

Ndiyo maana, mbele ya kulipa, inafaa kuuliza maneno matatu: ugonjwa umepimwa? Dawa hii ni ya jamaa gani? Inamezwa siku ngapi? Mama mwenye mimba aseme, mwenye mwili wake unakataa dawa fulani aseme pia. Na dawa ya mugonjwa mumoja isipewe mwengine, hata kama homa yao inafanana.