Mmiliki Mpya, Bango la Zamani: Hoteli za Kasese na Majina Yake

Ukitoka Kasese mjini kuelekea Kilembe, unaipita Hotel Margherita kabla hujafika machimboni. Imebeba jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5,109, kilichopewa jina la malkia wa Italia na Duke wa Abruzzi alipokipanda mwaka 1906. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, na mji uliojaa wahandisi na maofisa ulihitaji pa kuwalaza wageni.

Margherita ilikuwa moja ya nyumba za Uganda Hotels, kampuni ya serikali. Nyingine zilikuwa Rock Hotel kule Tororo, White Horse Inn Kabale, Mountains of the Moon Fort Portal na Acholi Inn Gulu. Sheria ya mwaka 1993 ya kubinafsisha mashirika ya umma ikazitawanya, kila moja ikapata mmiliki wake. Cha ajabu ni kwamba nyingi zilibaki na majina yaleyale. Mnunuzi alijua analipia nini: ofisa wa wilaya, dereva wa lori na watu wa harusi walikuwa wakilitaja jina hilo tangu zamani, na kulifuta kungekuwa kutupa wateja.

Loji ya Mweya, katika hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, ilipitia njia hiyohiyo, ila pale kilichobadilika ni jina la hifadhi yenyewe. Ilianza mwaka 1952 kama Kazinga, ikawa Queen Elizabeth mwaka 1954 baada ya malkia kuitembelea, Idi Amin akaiita Rwenzori, kisha jina la malkia likarudi. Wakati huo wote loji ilikuwa Mweya tu, juu ya rasi yake, viboko wakiguruma chini kwenye Mfereji wa Kazinga na ngiri wakila majani mbele ya vyumba. Kundi la Madhvani lilipoichukua katika miaka ya 90 na baadaye kuiweka chini ya chapa ya Marasa pamoja na loji za Paraa na Chobe, jina Mweya halikuguswa. Naona ni uamuzi wa busara kuliko amri zote za Amin.

Kampala mambo yalikwenda kinyume. Apolo Hotel, iliyoitwa kwa jina la Apolo Milton Obote, ikawa Kampala International chini ya Amin, kisha Sheraton. Nile Hotel ilichukuliwa na Serena mwaka 2004 na kufunguliwa tena 2006 kama Kampala Serena; kwa jengo ambalo vyumba vyake viliwahi kutumiwa na watu wa usalama, bango jipya lilikuwa na kazi zaidi ya kuvutia watalii.

Na bango likishakuwa la kampuni ya nje, linahama pamoja nayo. Mwaka 2016 Marriott ilinunua Starwood, iliyokuwa na chapa ya Sheraton, na mgeni wa Kampala aliyekusanya pointi za Starwood akaambiwa kila pointi moja sasa ni tatu za Marriott. Agosti 2018 programu zikaunganishwa, na Februari 2019 zikapewa jina Bonvoy. Wanaolipia haki ya kulala wiki moja kila mwaka kwenye nyumba za mapumziko, na kubadilishana wiki hizo kati ya nchi na nchi, walikutwa na mabadiliko yao: Marriott Vacations, kampuni iliyojitenga mwaka 2011, ilinunua ILG mwaka 2018 na kupata mtandao wa Interval International, kisha mwaka 2022 ikaweka pointi za Marriott, Sheraton na Westin chini ya mpango mmoja, Abound. Watu wa Bwera, wilayani Kasese, wanaujua mchezo huu kwa simu: laini ya Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010, na Warid ikamezwa 2013, namba zikiwa zilezile.

Lakini mpango wa wiki haujashika mizizi karibu na Kyondo, wilayani humohumo, na sababu si umaskini peke yake. Mgeni wa Mweya kwa kawaida huletwa na wakala wa safari. Analala siku mbili au tatu, anapanda boti, anawatafuta simba wa Kasenyi humo hifadhini, kisha gari linageuka kusini kuelekea sokwe wa Bwindi. Wiki nzima mahali pamoja hana.